Mpini wa Ngozi ya Taa

Mpaka leo nikiona taa amelazwa mezani sokoni, yule samaki mpana kama sinia, simkaribii. Nageuza uso, natema mate, naenda zangu kununua kuku.

Kwetu Munje bwana harusi hatoki bila upanga. Kanzu, joho, kilemba, na mkononi upanga wa marehemu babu. Mpini wake ulikuwa umepasuka, umezungushiwa raba ya tyubu ya baiskeli. Wiki moja kabla ya harusi yangu, mjomba wangu, kaka yake mama, akautwaa. "Mpwa wangu, huu nitautengeneza kwa mikono yangu. Nitauvisha ngozi ya taa. Inakwaruza, hata utoke jasho vipi hauponyoki." Nikamshukuru, mjinga mimi.

Sasa sikiliza uchafu huo. Ngozi aliiloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya jiko letu siku tatu, akaiparura utando kwa kijiko cha mama. Ulikuwa wakati wa mvua za masika, haikukauka. Badala ya kungoja, akaibandika mbichi vivyo hivyo, kwa gundi aliyoichemsha mwenyewe kwa mapezi na mabaki ya ngozi. Akaikaza kwa uzi wa nyavu. Kisha, ili ing'ae, akaisugua sifa. Sifa hiyo si ya kusifiwa. Ni mafuta ya maini ya papa, wanayopaka mashua zisioze. Dada yangu alijiziba pua kwa leso: "Mjomba naye kwa kupenda sifa!" Mimi sikucheka. Nilitaka kulia.

Kwa sababu mchumba wangu, binti wa kijiji cha Waa, alinikubali kwa sharti moja. Alikulia ukuta kwa ukuta na banda la kukaangia samaki, na shombo humtapisha. Si maringo, hutapika kweli. "Wavuvi wawili nimewakataa," aliniambia. "Wewe unauza vigae Ukunda, ndiyo maana. Ukinijia na shombo, narudi kwetu siku hiyohiyo."

Nikamwambia mama kwamba upanga ule siushiki. Akanitazama. "Mjomba wako huyo. Ukimvunja moyo yeye, umenivunja mimi." Basi. Nani atashindana na mama yake siku ya harusi?

Nikaushika. Kutoka garini hadi mlango wa msikiti tu, kwa jua kali la baada ya mvua na jasho langu, gundi ikaanza kuyeyuka. Ute ukanipenya kati ya vidole, wa vuguvugu. Funza mmoja mweupe akachungulia kwenye uzi, akaniangukia kwenye joho. Wallahi, funza! Na joho lenyewe la kuazima! Nikamkung'uta huku nikitabasamu watu wasione.

Wakati wa kuozeshwa, baba mkwe alinipa mkono tukashikana. "Nimekubali," nikasema, na viganja vyetu vikagandana mpaka akauvuta wake kwa nguvu. Akajifanya anapangusa sharubu, akanusa. "Wewe si uliniambia unauza vigae?" akaninong'oneza. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilinawa kwa ndimu, kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu. Wapi! Ndimu ilitangulia, shombo ikafuata. Na chumbani kwa bibi harusi walikuwa wamefukiza udi, harufu mbili zikachanganyika, ikawa mbaya zaidi.

Ada inajulikana: bwana harusi huweka mkono wa kulia kwenye paji la uso la mkewe, akamsomea dua. Shangazi zake walikuwa wamejipanga ukutani kutazama. Mkono wangu ukabaki hewani. "Haya, bwana harusi, mkono!" wakapiga vigelegele, wakidhani naona haya. Nikafikiria kumpa wa kushoto. Astaghfirullah, hilo ni tusi. Nikainama sikioni mwake. "Nisamehe. Mkono unanuka shombo, ni ule mpini. Sikugusi."

Harufu ilikuwa imeshamfikia. Nilimwona akimeza mate mara mbili, machozi yakimlenga, wanja ukianza kuchirizika. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na nyumba ni ya kwao, kurudi kwake ni kuvuka kizingiti tu. Kisha akanikamata kifundo cha mkono, akaubana mkono wangu kwenye paji lake yeye mwenyewe, akafumba macho.

"Soma ile fupi," akasema.