Sinia la Ukutani

Mama alipokufa sikulia. Watu walisema nimejikaza, lakini sikuwa nimejikaza hata kidogo. Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Nilipokea pole, nikala nilichopewa, kisha nikarudi kwenye kibanda changu hapa mtaani Buyenzi kusafisha vyombo vya watu vya shaba.

Arobaini ilipokaribia, dada yangu mkubwa aliniletea sinia la Mama, amelifunga kwenye kanga. Ni sinia la shaba ya njano ambalo babu alivuka nalo ziwa kutoka Kigoma, na ukingoni limechorwa maandishi ya Kiarabu. Nyumbani kwetu maandishi ya Kiarabu yalikuwa Kurani, basi. Mama alilitundika juu ukutani na hakuligusa bila kutawadha. Kila Idi alilisugua kwa majivu na ndimu, wala hakumwachia mtu kazi hiyo, hata mimi, fundi wa shaba wa mtaa mzima. Chakula hakikuwekwa juu yake hata siku moja.

"Mi nimeshamwambia imamu," dada akasema. "Siku ya arobaini tunaipeleka ku musikiti, sadaka ya Mama. We isafishe tu."

Nilitaka libaki nyumbani. Siku zile kusema kulikuwa kazi nzito.

Nililiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha nikachukua kijiti nilichokichonga ncha, maana chuma hukwaruza, nikaanza kutoa majivu yaliyogandia ndani ya herufi. Upande mmoja herufi zilikuwa zimelika karibu kwisha. Nadhani ndipo Mama alipokuwa akianzia kusugua, mkono ukiwa bado na nguvu.

Herufi zenyewe zilisukwa pamoja na majani na maua, na likiwa juu ukutani hakuna aliyeweza kuzisoma; Mama aliyelishika hakujua Kiarabu. Sasa, kwa Kiarabu nilichojifunza madrasa, nilisoma neno baada ya neno. Heshima. Baraka. Afya. Maisha marefu. Nikalizungusha sinia nikitafuta aya, sikuiona. Mwishoni paliandikwa: kwa mwenye chombo hiki. Maneno hayo nimeyakuta kwenye vyombo vingine vya zamani. Mchoraji hakujua nani atanunua, kwa hiyo alimwombea yeyote atakayekuwa nacho. Lilikuwa sinia la kulia chakula.

Nikinyamaza, linaondoka. Nikisema, linabaki, na Mama anakuwa kichekesho cha mtaa. Nilikaa nalo mapajani mpaka dada akaja kulichukua.

"Dada, hii si Kurani," nikamwambia, nikamsomea.

Akakaa juu ya gunia la makaa. "Kumbe Mama alikuwa anatawadhia sahani ya pilau? Maisha yote?"

"Ndiyo."

"Watu watamucheka."

"Ni dua. Yeye ndiye alikuwa anaombewa."

Dada alipitisha kidole ukingoni. "Na yeye hakula juu yake hata siku moja," akasema.

Siku ya arobaini sinia halikwenda msikitini. Baada ya hitima dada alipakua pilau juu yake, akaliweka katikati ya mkeka mbele ya wageni wote, bila kumweleza mtu. Upande uliolika ulinielekea mimi. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha, nikainuka kwenda kutawadha. Maji yalipofika viwikoni nilingoja kilio kije. Hakikuja. Nikarudi, nikakaa, nikala upande wa Mama.