Likizo ya Nahodha

Kwa miaka kumi na mmoja Zdravka, karani wa kliniki ya meno mjini Ruse, aliongoza kundi la mtandaoni lililotunga kwa kujitolea visa vipya vya tamthilia ya zamani ya chombo cha anga. Kila mwanachama alikuwa na mhusika wake. Mtu akinyamaza, mhusika wake hakuuawa. Mwenzake alimwandikia likizo, huenda angerudi. Hakurudi hata mmoja.

Mchana mmoja, akitafuna kipande kilichopoa cha banitsa, mkate wa jibini, alipata ujumbe wa Milen, mwanachama mwenzake: "Dada, tumebaki wawili chomboni. Nami nimechoka. Niandikie likizo."

"Mwenzio nimechoka tangu mwaka juzi," akamjibu.

Akamwandikia likizo nzuri, yenye dirisha la kutazama bahari. Kisha akamgeukia nahodha, mhusika wake mwenyewe, akaikumbuka kanuni aliyoitunga siku ya kwanza: mtu hajiandikii likizo.