Asante kwa Sauti ya Mtoto

Binti yangu alikuwa gredi ya saba dawa yake ya kifafa ilipoanza kuadimika Nakuru. Nilitoka shuleni ninakofundisha, nikashuka mjini na kupita duka moja la dawa baada ya jingine nikiwa na chupa tupu mkononi, maana jina lililoandikwa juu yake lilikuwa refu na sikutaka kulikosea. Wauzaji walitikisa vichwa hata kabla sijaiweka mezani. Mmoja alinipa dawa ya kampuni nyingine, akaniapia kwamba ni sawasawa. Haikuwa sawasawa. Binti yangu alianguka jikoni, akaungua mkono kwa maji ya ugali, na kovu lile hulificha kwa sweta hata jua likiwa kali.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenielekeza kwenye kikundi cha wazazi. Kilikuwa kikundi cha kwenye simu, cha watu wa Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo, ambao watoto wao wanaugua ugonjwa huu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea kusema kwamba mtoto ana kizunguzungu. Humo ndani watu walitaja ugonjwa kwa jina lake, wakaulizana habari za usingizi, za mitihani, za walimu wanaomkalisha mtoto peke yake nyuma ya darasa. Siku ya kwanza nilisoma hadi chai ikapoa.

Kulikuwa na desturi moja. Mzazi mgeni alitakiwa kujitambulisha kwa picha yake, mtaa anaoishi, umri wa mtoto na dawa anayotumia, ili tujuane. Nami niliweka picha niliyopigwa kwenye harusi ya mdogo wangu, nimevaa kitenge cha kijani. Makaribisho yalimiminika. Kisha, pembeni, mahali ambapo wengine hawawezi kusoma, Mwenyekiti akaniandikia: “Karibu sana mwalimu. Kijani kinakupenda.”

Mwenyekiti ndiye aliyeanzisha kikundi. Yeye mwenyewe ni baba wa mtoto mgonjwa, na kazi yake ni kusambaza dawa madukani, kwa hiyo dawa yetu ilipokuwa haipatikani kokote alijua pa kuitoa Nairobi. Aliileta kwa gari lake, akatangaza kikundini, nasi tukaenda kuichukua. Sijui mtu mwingine aliyewahi kutufanyia hivyo. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo fundo lenyewe.

Nilijibu asante. Siku iliyofuata akauliza kama nimelala vyema. Kisha akauliza kama baba wa mtoto yuko. Baba wa mtoto alikwisha kwenda zake zamani, jambo ambalo sikulisema, lakini kunyamaza kwangu alikuchukua kuwa jibu. Zikaanza kuja picha: kwanza maua yenye maneno ya asubuhi njema, halafu yeye mwenyewe ameketi kitandani bila shati, halafu nyingine ambayo niliifuta nikiwa nimesimama katika chumba cha walimu, huku mwenzangu akiniuliza kama nimefiwa.

Nilimwuliza mama mmoja wa kikundini, mama wa mapacha anayeuza nguo za mtumba karibu na mtaa wa Rhonda. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Alikuwa akikunja suruali, hakuinua macho.

“Amekutumia ya kitandani ama ya bafuni?”

“Kumbe na wewe?”

“Hata mimi! Nani hajatumiwa? Mwalimu, ulidhani ni wewe mrembo peke yako?” Akacheka, kisha akaacha kucheka. “Sikia. Usimwandikie kitu. Akikutumia maneno, mpe mtoto simu arekodi asante kwa sauti yake, umtumie. Asante Mwenyekiti kwa dawa, Mungu akubariki. Basi. Mtu akisikia mtoto, anaona aibu kidogo.”

“Na kumbloki?”

“Mbloki, halafu kifafa utakibloki na nani?”

Ndipo nilipoelewa zile jumbe za sauti nilizokuwa nikizisikia kila dawa ilipofika. Kikundini mlijaa watoto wakishukuru, wengine kwa ulimi mzito wa dawa, nami nilikuwa nimedhani ni adabu tuliyowafunza. Akina mama walikuwa wamejijengea ua kwa kitu pekee walichokuwa nacho. Hakuna aliyewahi kulitangaza jambo hili. Lilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kama vile sisi wanawake tunavyoambiana ni choo gani cha mjini kina komeo.

Nami nikafanya vivyo hivyo. Binti yangu alisoma asante yake kwa sauti ya mtoto anayesoma Biblia kanisani. Baada ya mara kadhaa akaniuliza, “Mum, kwani wewe huwezi kumshukuru mwenyewe?” Nilimwambia Mwenyekiti hupenda kuwasikia watoto. Jibu la Mwenyekiti lilikuja pembeni: “Ya mtoto nimeipata. Yako je?”

Nilimpigia msimamizi wa pili wa kikundi, mzee mstaafu, mhubiri, ambaye kila alfajiri hututumia aya ya kutia moyo. Nilijieleza kwa utaratibu, jinsi nilivyofunzwa chuoni kupanga hoja. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mwalimu,” akasema, “wewe ni mtu mzima. Mwanamume kumsifu mwanamke imekuwa kesi?”

“Si sifa, mzee. Ni picha za uchi.”

Alikohoa. “Hizo azifute. Nitamwambia azifute. Lakini nikuulize kama mzazi: tukimtoa huyu, dawa tutaitoa wapi?”

Nimesomea ualimu, nimeketi kwenye kamati, nimewahi kumsimamisha mwalimu mkuu katikati ya mkutano. Mzee nilimshukuru kwa muda wake, nikakata simu.

Sijui mzee alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba wiki ile Mwenyekiti alitangaza: “Wazazi samahani, mzigo umepungua, wengine mtavumilia.” Wenzangu walipata. Nilipoandika kuuliza chupa yangu, ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Nilipunguza kipimo cha binti yangu ili dawa ifike mbali, jambo ambalo muuguzi alinikataza kwa ukali. Nilikuwa darasani kwangu mwalimu wake aliponipigia. Binti yangu alikuwa ameanguka gwarideni, mbele ya shule nzima, na kujikojolea. Nilipofika alikuwa ofisini amevalishwa sketi ya kuazima, ameugeukia ukuta.

“Mum, nihamishe shule,” alisema.

Jioni nilimwandikia Mwenyekiti. Niliandika kwa kidole changu, si kwa sauti ya mtoto: “Habari ya siku nyingi.” Akajibu papo hapo, kwa uso unaocheka: “Sasa umenikumbuka!” Dawa ilifika kesho yake. Tangu hapo ninajibu. Ninajibu kwa ufupi, ninasema nimechoka, ninasema nina vitabu vya kusahihisha, ninacheka kwa maandishi mahali ambapo sina kicheko. Hajawahi kunigusa. Kila asubuhi, kabla sijasali, ninaangalia kama ameandika, na akiwa hajaandika ninaogopa zaidi.

Majuzi ameingia mama mgeni, msichana hasa, anayeishi na mume wake huko Ndabibi, upande wa Naivasha, ambako wanalima vitunguu. Alijitambulisha kama desturi inavyotaka. Katika picha amembeba mtoto asiyefika mwaka, naye anatabasamu kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kumkaribisha.

Nikamwandikia yule mama pembeni. Nilimweleza yote, bila kuzunguka safari hii: picha, maswali, yale yatakayofuata. Nilimwambia anaweza kufuta picha yake sasa hivi, kwamba hakuna atakayemlaumu. Ujumbe ulisomwa.

“Asante madam,” akajibu. “Lakini dawa anayo?”

Niliiweka simu juu ya meza. Chumbani binti yangu alikuwa akikariri mashairi ya tamasha, bila kukwama hata mahali pamoja. Nikaichukua tena, nikamwandikia kwamba anayo, na kwamba ya mwezi huu imefika jana.