Kulungu Aliyeburuza Mguu

Papa aliacha kusimulia habari za ng'ombe kwa sababu yangu. Ilikuwa Krismasi, mezani kwetu Reynoldsburg, hapa Marekani, naye alikuwa anaeleza kwa mara ya mia jinsi alivyokuwa akimtafuta ng'ombe aliyepotea kule milimani, Kivu Kusini, kwa kutazama nyayo tu. Kila ng'ombe, alisema, alimjua kwa mguu wake. Mimi, na digrii yangu ya baiolojia ambayo wino wake haujakauka, nikauliza, "Ushahidi uko wapi, Papa?"

Akatabasamu, akaendelea kula. Tangu siku hiyo hakuna ng'ombe tena. Wiki tano tulikula ugali tukizungumzia hali ya hewa.

Nilitaka hadithi zirudi. Lakini kuomba radhi kwa jambo nisiloliamini kulinishinda. Basi Jumamosi moja, theluji ilipoacha kuanguka, nikaenda peke yangu kwenye msitu ulio nyuma ya maduka, kutafuta mnyama yeyote mwenye nyayo.

Msitu wenyewe mdogo. Ukitulia unasikia malori ya barabara kuu. Saa nzima niliona nyayo za mbwa, na za mwenye mbwa. Kwa baridi, pua haikuwa tena yangu. Ndipo nikakuta alama za kwato, kama za mbuzi lakini ndefu zaidi. Kulungu. Nikapiga picha tatu, nikamtumia Papa, aliyekuwa mapumzikoni kwenye ghala anakofanya kazi. Sikuandika neno. Shahidi haelekezwi.

Ujumbe wa sauti ukarudi, mashine zikinguruma nyuma yake. "Bon. Ni jike, mzee kidogo. Mguu wa nyuma wa kushoto anauburuza, ona ule mstari. Hana haraka. Hayuko mbali, tafuta pale upepo haufiki. Na vaa kofia. Hiyo kichwa tuliisomesha."

Mstari niliuona. Lakini jike? Mzee? Kwa picha ya simu?

Nikafuata nyayo hadi kwenye bonde dogo. Nyuma ya gogo lililoanguka, alikuwa amelala, theluji mgongoni, anacheua kama mtu asiye na zamu siku hiyo. Hakuwa na pembe, jambo ambalo mwezi huo halithibitishi kitu, maana madume wengi nao huwa wameshaangusha zao. Nikajibana kwenye mti, nikatoa simu. Kioo cheusi. Baridi ilikuwa imemaliza betri.

Nikasimama pale nikitetemeka, nikimtazama kwa macho tu, chombo nisichokiamini sana. Baada ya muda akainuka, akajinyoosha, akaondoka taratibu. Mguu wa nyuma wa kushoto ukiburuzika.

Jioni, mezani, nikasema, "Papa alisema kweli. Nimemwona."

Mdogo wangu wa kike, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza, safari hii alichagua Kiswahili makusudi. "Ushahidi uko wapi, kaka?"

"Simu ilizima."

"Ah! Ilizima!"

"Baridi inaonyesha watu vitu," Mama akasema, akiniongezea sombe, majani ya muhogo, kwa huruma.

Nikamtazama Papa. Alikuwa anafinyanga tonge, hana haraka.

"Muacheni. Alipoinuka, alianza na miguu gani?"

"Ya nyuma."

"Halafu?"

Nikasita. Tulikuwa tunakula. "Alikojoa."

"Kidogo?"

"Sana, Papa. Nilichoka kusubiri."

Mdogo wangu akazika uso mikononi kwa kicheko. Papa akaweka tonge chini. "Huyu ameona," akamwambia Mama. "Mtu akitunga, hicho hakitungi."

Akafuta vidole, akasogeza kiti nyuma kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani. "Donc, tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu. Mguu wake wa mbele..."

Nilikuwa bado na swali kuhusu ule uzee wa kulungu. Nikajaza mdomo ugali.