Golikipa wa Chini ya Mteremko

Jumamosi iliyopita nilipanda tena kijijini kwetu, juu kidogo ya Nkoaranga, kwenda kuzika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ile njia ya mkato iliteleza kama ilivyoteleza siku zote, ila sasa mimi napumua kwa taabu na viatu vyangu ni vya mjini. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanicheka, akaniuliza kama huko mjini Sokon I ninakoishi hakuna vilima. Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba njia hiyo nilikuwa naishuka mbio, miguu mitupu, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwa sababu mpira ulianza saa kumi na asiyewahi hachezi.

Tuliyekwenda kumzika alikuwa golikipa wetu. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana nilipotakiwa kusimulia sikusimulia.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Juu yake palikuwa na migomba ya bibi yangu, chini palikuwa na mfereji wa maji ya mlimani, na mpira ukiingia mferejini ulikwenda zake tambarare, ukawa mali ya watoto wa huko. Kwa hiyo kila tulipocheza ilibidi mmoja asimame chini kabisa auzuie. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Tulimpa jirani yangu, binti mrefu, mkimya, kwa kuwa hakujua kukataa. Alisimama pale karibu miaka miwili akidaka kila kilichoshuka: mpira, maparachichi, na siku moja hata kuku wa bibi aliyekuwa anakimbia kisu. Alivaa glavu za baba yake za kupulizia dawa ya kahawa, zilizogeuka bluu kwa mrututu, kubwa mno kwa mikono yake. Hakuna mtu aliyemfundisha kudaka.

Bibi hakuwa adui wa mpira, ila alikuwa na sheria zake. Majani kwanza, halafu maji, halafu kumenya ndizi. “Mpira haukamuliwi,” alipenda kusema, akilitazama banda la ng'ombe kana kwamba ng'ombe ndiye shahidi wake. Kazi ikiisha alitupakulia loshoro katika bakuli moja, mimi na jirani yangu, makande baridi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, tukala tumesimama huku masikio yakiwa uwanjani. Mpaka leo nikinusa maziwa yaliyolala kwenye kibuyu nasikia filimbi.

Filimbi ilikuwa ya mwalimu wetu wa hisabati, mwanamke mgeni wa kwetu, mkali wa hesabu na mkali zaidi wa mpira. Ndiye aliyetuletea habari kwamba mjini wanaanzisha ligi ya mkoa ya wanawake. Timu zenyewe hazikufika hata kumi, na watu wengi walidhani ni mzaha. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi mabinti zao, kwa adabu na subira ya mshenga. Kwa baba yake golikipa alikwenda mara tatu. Mara ya tatu mzee akakubali, lakini akaweka sharti moja: mwanawe apate kipaimara mwaka huo huo pamoja na wenzake. Akikosa, mpira basi.

Wewe uliyekulia kwetu unajua uzito wa sharti hilo. Kipaimara ndiyo siku mtoto anapotoka mbele ya usharika mzima kwa gauni jeupe, ndugu wanakuja hadi wa ukoo wa mbali, na mbuzi anakuwa amenenepeshwa mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake anabaki kwenye benchi hukaa mwaka mzima akijibu maswali. Na mafundisho yalikuwa Jumamosi asubuhi. Mechi nazo zilikuwa Jumamosi, mjini, na gari letu, pikapu ya mzee wa kukusanya maziwa, liliondoka saa mbili kamili. Ukikosa mafundisho mara tatu, unafutwa.

Katika timu ni sisi wawili tu tuliokuwa kwenye mafundisho mwaka ule, tukapanga wenyewe, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, na kwa miguu ile niliyokuwa nayo, mwalimu hakuona haja ya kunibana kwenye pikapu kati ya madumu. Nilibaki. Mwinjilisti aliyetufundisha aliita majina ameinamia daftari lake, na tulikuwa darasa kubwa. Lilipoitwa jina langu niliitika kwa sauti yangu. Lilipoitwa la golikipa niliinamisha kichwa, nikaitika kwa sauti nyembamba zaidi. Mara nne nilifanya hivyo. Nakiri kwamba nilijiona mjanja, na nilijiona nacheza.

Jumamosi ya nne walikutana na timu ya Olmotonyi. Wengine kati ya wale walikuwa wanawake wazima waliokuwa wakisomea misitu huko, mikono imekomaa kwa kupanda miti, na wetu walikuwa watoto. Wetu wakawafunga bao moja kwa bila. Dakika za mwisho Olmotonyi wakapata penalti na golikipa akaidaka. Mimi sikuiona penalti hiyo. Niliambiwa tu, jioni, pikapu ilipopanda na wimbo, naye amekaa juu ya dumu na glavu zake za bluu, ametazama chini, anatabasamu.

Bibi alifurahi kuliko sisi. Akakata mkungu wa ndizi uliokuwa bora kuliko yote shambani, akasema kesho mkungu huo uende kanisani, sadaka ya shukrani. Kwetu sadaka ya namna hiyo huambatana na karatasi, isomwe mbele ya watu kabla ya kupelekwa mnadani nje. Bibi hakujua kuandika. Akaniambia niandike, nami kwa furaha ile nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: tunamshukuru Mungu kwa kumlinda golikipa wetu akadaka penalti mjini jana Jumamosi. Jina lake nikaliandika kwa herufi kubwa.

Majuto ni mjukuu. Aliyesoma karatasi ni yule yule mwinjilisti. Watu wakapiga makofi, na yeye akabaki ameishika, anaisoma tena kimoyomoyo. Ibada ilipokwisha akatuita darasa zima pembeni, nyuma ya jengo, kelele za mnada zikiendelea mbele na mkungu wa bibi ukipandishwa bei. Alikuwa na daftari mkononi. Akauliza, “Nani aliyemwitikia huyu?”

Nilijua kwamba nikinyanyua mkono tutafutwa wawili. Nilijua pia kwamba nisiponyanyua atafutwa mmoja. Mkono wangu haukunyanyuka. Golikipa akasogea mbele, akasema kwa sauti yake ile ya chini, “Hakuna. Niliitika mwenyewe, halafu nikatoka kwa mlango wa nyuma.” Mwinjilisti hakuamini, naona, alinitazama muda mrefu. Lakini alikuwa mtu wa daftari, na daftari lilihitaji jina moja.

Mwaka ule nilipata kipaimara. Bibi alinishonea gauni, nikala nyama, nikapewa Biblia mpya. Golikipa alipelekwa kwa shangazi yake akarudie mafundisho huko, na baba yake akazichoma zile glavu kwenye takataka za shamba. Mafundisho yalipokwisha, mwalimu akaniweka mimi golini. Mechi ya kwanza nilifungwa saba. Kabla msimu haujaisha timu yetu ilikuwa imeshajitoa, na mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa.

Ligi yenyewe haikufa, na hilo sitaki kulidharau. Leo wasichana wa mkoa wana jezi zenye majina mgongoni, marefa wa kike, redio inawatangaza. Mtoto wa dada yangu anadaka katika timu mojawapo ya mjini. Golikipa alirudi, akaolewa hapo hapo kijijini, na kila Krismasi tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na kahawa. Jambo lile hatukuligusa hata mara moja. Mara moja tu nilimwambia habari za mtoto wa dada. Akaniuliza kama uwanja wao una mteremko. Nikamwambia hapana, umelala sawa kabisa. Akasema, “Basi wanafaidi.”

Kanisani Jumamosi iliyopita walisoma wasifu wake. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaolewa, akajaliwa watoto watatu, akaugua, akalazwa, akafariki. Ulichukua muda mfupi sana. Mwongozaji akauliza kama kuna rafiki mwenye neno la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba tangu utotoni, na nililipanga vizuri njia nzima nikipanda. Nikatazama mikono yangu mpaka wimbo ukaanza.

Baada ya maziko binti yake wa mwisho alikuwa akitunawisha mikono. Ana umri tuliokuwa nao sisi, na urefu ule ule. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama nilisoma na mama yake. Nikamwambia tulianza wote mafundisho ya kipaimara. Akauliza mama yake alikuwaje. Nikasema, “Alikuwa mpole.” Akanishukuru, akasogea kwa mgeni mwingine na jagi lake.

Nilishuka kwa njia ya uwanjani. Pamejengwa nyumba za kupanga, na mfereji hautiririki tena, umejaa majani ya migomba. Nilisimama pale chini alipokuwa akisimama yeye. Mara nne nilimwitikia mahali ambapo hakuwepo. Jumamosi alikuwa pale mbele yetu, jina lake likasomwa, na mimi sikuitika.