Kitanda cha Dirishani

Matroni wa makazi yetu ya watu wasio na pa kulala tulimwita Bi Turudi, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mtu akifukuzwa na mwenye nyumba, au akigombana na kaka yake, alimshika mkono akamrudisha huko huko. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea mpaka mwenye nyumba akampokea tena mpangaji wake ili tu aachwe apumzike.

Shida ilikuwa serikali. Ruzuku yake ililipia kichwa kilichopo kitandani. Kichwa kilichorudishwa kwao hakikuwa na bei. Tukaambiwa mkaguzi anakuja, na akikuta vitanda vitupu, tunafungwa. Vilikuwa vitupu karibu vyote. Bi Turudi alikuwa amejipalia makaa kwa kuchapa kazi, na mimi mpishi wake nikaanza kuyaaga masufuria.

Akaenda kwake, akakomba ukoo mzima wa mumewe. Asubuhi mashemeji walijaa bwenini, wameagizwa wanune. Mumewe alinuna bila kufundishwa. Mama mkwe alipewa kitanda cha dirishani na shuka mpya.

Mkaguzi, kijana wa viatu vya kung'aa, akaanza kuhoji. Shemeji mmoja akadai ametupwa nje na mama wa kambo, huku mama yake mzazi akimkodolea macho kutoka kitanda cha dirishani. Nilikimbilia jikoni kucheka. Niliporudi, mkaguzi alikuwa amemgeukia huyo mama, anamuuliza huwa analala wapi.

"Sebuleni kwa mwanangu," alisema. "Godoro langu liko nyuma ya kochi. Wageni wakija, nakaa jikoni mpaka waondoke. Wakiangalia mpira, nangoja uishe."

Hayo hakuna aliyemfundisha. Mwanawe, mume wa Bi Turudi, akainama kutafuta viatu alivyokuwa amevivaa. Mkaguzi akasema watu kama huyu mama ndio hasa waliokusudiwa na fedha za serikali. Ruzuku ikapita pale pale, na mimi nikaona aibu kufurahi.

Mchana mashemeji walikula, wakashiba, wakatawanyika. Mama mkwe alibaki palepale, shuka mpaka kidevuni. Bi Turudi akamkalia pembeni, akamshika mkono kama alivyozoea, lakini ule mdomo siku hiyo uligoma kuwaka.

"Mama," alisema mwishowe, "turudi."

"Rudi wewe, mwanangu. Hapa nina dirisha."