Miti ya Waziri wa Maji

Watu wengi wakisikia harufu ya majani ya mkaratusi hukumbuka mafua. Huku kwetu Rungwe baridi haina adabu, na karibu kila nyumba inayajua majani hayo: unayachemsha, unajifunika blanketi, unajifukiza mpaka jasho linatoka na pua zinafunguka. Mimi harufu hiyo inanichosha. Naisikia kila Jumamosi nikiwa bondeni kwetu, upande wa Mpuguso, nimeshika panga, nakata machipukizi kwenye visiki vya miti ambayo tulikwisha kuiangusha. Nakata leo, nikigeuka yamerudi, mekundu, laini, yananukia vizuri utadhani hayajamkosea mtu. Nimechoka nayo jamani. Na niseme mapema kwamba sina wa kumlaumu, kwa sababu miti hii niliipanda mwenyewe nikiwa darasa la sita, nikiwa waziri.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa kijana mrefu kutoka pwani, na mvua ya Tukuyu ilikuwa imemwonea vya kutosha. Siku moja aliingia na koti lake la mvua, akachora ubaoni nchi ndogo ndani ya nchi kubwa, kama kiini cha yai ndani ya ute wake. Alisema inaitwa Lesotho. Nchi nzima ni milima. Haina bahari, wala haina jirani mwingine ila yule mmoja aliyeizunguka pande zote. Ina mfalme na ina waziri mkuu. Watu wake hujifunga mablanketi kwa baridi, na kwenye milima yake theluji huanguka. Tukatazamana. Kama ni mlima, dirishani tulikuwa na Mlima Rungwe, kichwa kimezama mawinguni kama kawaida yake. Kama ni blanketi, bibi zetu kule Isongole walikuwa hawalivui. Kisha akasema jambo lililotumaliza kabisa: nchi ile humuuzia jirani yake mkubwa maji. Maji! Sisi tuliolowa kuanzia madaftari hadi sare, ambao kila bonde lilikuwa na kijito na kila kijito kina kelele, hatukuwahi kusikia kwamba yuko mtu duniani anayeyanunua.

Ambakisye, mvulana mkubwa kuliko wote darasani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi na sisi si tuwe nchi?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, nadhani aliona heri tutawale kuliko tupige kelele. Akatupa shamba la shule, ule mteremko unaoanzia nyuma ya madarasa hadi kwenye chemchemi, akasema tuutawale mpaka mwisho wa mwaka, naye atakuja kukagua. Ambakisye akawa mfalme, akaja na blanketi la bibi yake, akalivaa siku mbili, siku ya tatu bibi mwenyewe akalifuata shuleni na fimbo juu. Baraza la mawaziri lilikaa juu ya gogo. Sheria ya kwanza tuliyopitisha ilisema waziri hapalilii, na nakiri niliiunga mkono kwa mikono miwili. Mimi nilipewa maji kwa sababu nyumba yetu ndiyo ilikuwa karibu na chemchemi kuliko nyingine zote.

Ile chemchemi, kama hukuiona, sijui nikueleze vipi. Maji yalitoka chini ya jiwe jeusi, baridi ya kuuma meno, yakijaza ndoo kabla hujamaliza kumsalimia mwenzako. Asubuhi ukungu ulikaa juu yake, akina mama wakawa wanasikika tu wakisalimiana, hawaonekani, "ugonile, ugonile," na milio ya ndoo. Hakuna aliyejua mwanzo wake na hakuna aliyewaza mwisho wake. Serikali yetu ndiyo ikawaza. Tulisema mali kama hii lazima ilindwe, nchi ya kweli hulinda mali yake, na ulinzi ni miti. Mimi kama waziri nikatakiwa kuleta miti. Nikaenda kwenye kitalu cha mashamba ya chai, alikokuwa akichuma mama yangu, nikaomba miche ya mikaratusi iliyobaki, ile inayopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia chai. Nilirudi nayo imejaa kapu. Nilipigiwa makofi ambayo sijapigiwa tena maishani.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye ni mama. Alipita jioni ile na kapu lake la chai mgongoni, akasimama akatazama mashimo tuliyochimba kuizunguka chemchemi. Mama alisema Kiswahili kwa ulimi wa Kinyakyusa, na mpaka leo hana shida nao. "Atupele, miti hii inakunywa," alisema. "Pandeni mkuyu. Mkuyu unakaa na maji vizuri." Nikamjibu mbele ya mawaziri wenzangu kwamba mkuyu unachelewa kukua, na kwamba baraza limekwisha kuamua. Nilimwambia hivyo mama yangu! Akanitazama, akajitengeneza kapu mgongoni. "Haya. Ni selikali yenu," akasema, akaenda kupika ndizi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, jambo la ajabu kwetu. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika nilipelekwa Isongole kwa shangazi kusaidia kuvuna viazi, na miche yangu ilikuwa imeanza kuinamisha vichwa. Nililia njia nzima. Mwalimu alikuwa ameahidi kukagua shule ikifunguliwa, na Ambakisye alikuwa ametangaza kwamba waziri ambaye miti yake itakufa atavuliwa cheo mbele ya shule nzima. Niliporudi nilikimbilia bondeni hata sijala. Miche ilikuwa imesimama yote, imara, ina majani mapya. Mwalimu akakagua, akaniita mbele, akasema huyu ndiye kiongozi. Nami nikaamini kabisa kwamba miti ilinitii kwa sababu nilikuwa na cheo.

Nchi yetu ilikufa kimyakimya mwaka ulipoisha. Mwalimu alipata uhamisho, darasa lililofuata likapanda maharage. Miti ikaendelea. Ilifika shingo za migomba, ikaipita, ikalipita paa la shule. Na maji yakawa yanapungua polepole, kiasi kwamba hakuna siku ambayo ungeweza kusema leo ndiyo yamepungua. Ndoo ikachukua muda wa kusalimiana watu wawili, kisha watano, kisha watu wakaanza kupanga foleni. Leo chini ya lile jiwe jeusi pana unyevu tu. Tunayo bomba, linatoa maji kwa mgao, na siku lisipotoa natuma bodaboda aniletee madumu kutoka mjini. Mimi, mtoto wa bonde lile, nanunua maji. Mama amezeeka, anaoga kwa kikombe, na kila akioga moyo unaniuma.

Jumamosi moja mwezi uliopita alinifuata bondeni na mkongojo wake, akakaa kwenye kisiki akinitazama ninavyohema. Sijui ni uchovu au ni nini, maneno yakanitoka. "Mama, kwa nini hukuing'oa? Uliijua. Kiangazi kile ingekufa yenyewe."

"Ingekufa," akasema.

"Basi mbona haikufa?"

Akapangusa kisiki kwa kiganja, kama anayepangusa meza. "Nilikuwa naimwagilia. Asubuhi, kabla sijaenda kwenye chai. Ndoo nne, mpaka uliporudi."

Nikaliweka panga chini. Nilimuuliza kwa nini, ingawa nadhani nilikwisha kujua. "Uliondoka unalia, mwanangu," akasema. "Ulisema watakuvua cheo."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu maji. Kijana mmoja akasimama kwa hasira, na hasira yake ni ya haki, dada zake ndio wanaoamka alfajiri kupanga foleni bombani. Akataka kujua ni nani aliyeiweka miti ile pale, wazee walikuwa wapi, na nani aliitunza mpaka ikawa mikubwa hivyo. Watu wakanong'ona kwamba ni watu wa misitu wa zamani, ni serikali, kama inavyosemwa siku zote. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele na khanga yake ya mkutano, mkongojo mapajani. Nilimwona anaushika, anataka kuinuka.

Nikainuka kabla yake. Nikasema niliyeipanda ni mimi, nikiwa darasa la sita, nikiwa waziri wa maji. Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Yule kijana akauliza kiangazi aliyeimwagilia ni nani. Nikamwambia ni mimi pia, nilikuwa peke yangu. Mama hajui kusoma, ndiyo maana nimeweza kuliandika hili la ndoo zake nne.